Kuchangia Programu Huria Ukiwa Nyeri: Anza na Simu Yako, na Usimlipe Mtu Hata Ndururu

Kama umemaliza chuo na uko tu nyumbani, iwe ni Nyeri mjini, Karatina, Othaya ama Nanyuki, lazima umeshapata ule ujumbe wa WhatsApp wa "kazi ya mtandaoni". Huwa ni ule ule. Utafunzwa bure, utalipwa kwa dola, utafanya kazi ukiwa kitandani, lakini kwanza tuma ada ndogo ya usajili kwa namba hii. Sisi tunaofanya kazi na pesa za simu tunajua vile hadithi hiyo huisha. Pesa ikishaingia, mwenyewe anaitoa haraka kwa wakala, namba inazimwa, na wewe unabaki ukieleza huduma kwa wateja kitu ambacho hakiwezi kurudishwa.

Kuna mlango mwingine wa kuingilia kazi za teknolojia, na huo hauna ada. Ni kujitolea kwenye mradi wa programu huria. Maoni yangu ni kwamba vijana wengi wa huku mlimani wanauogopa bure. Wanafikiri ni wa waliosomea kompyuta pekee. Mimi nilisomea masoko, na nitakuonyesha kwamba kazi nyingi ambazo miradi hii inalilia hazihitaji kuandika programu hata mstari mmoja.

Kwanza tuelewane. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwapa wengine, mradi afuate masharti ya leseni yake. Linux ilianza hivyo mwaka 1991, pale mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alipoweka kazi yake hadharani. Leo kiini cha Linux ndicho kiko chini ya Android. Yaani hiyo simu unayotumia kutuma nauli kwa mtoto wa shule imesimama juu ya kazi iliyo wazi kwa yeyote kuikagua.

Na kama unafikiri hayo ni mambo ya wazungu wa mbali, kumbuka OpenSSL. Ni programu huria inayolinda mawasiliano kwenye sehemu kubwa ya intaneti, pamoja na mifumo ya malipo. Mwezi Aprili 2014 ikatangazwa kwamba ilikuwa na kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, ambayo ingemwezesha mtu kuchota siri kutoka kwenye kompyuta za watu bila kuacha alama. Watu wakauliza, ni nani anatunza hii kitu? Kumbe ni kikundi kidogo sana, kilichokuwa kikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Dunia nzima ilikuwa inapita kwenye daraja ambalo hakuna aliyekuwa analikarabati. Kwa hivyo mtu akiniambia kujitolea huku ni mchezo wa vijana wasio na kazi, namuuliza kama pesa zake ziko kwenye simu ama chini ya godoro.

Hapa Kenya tuna mfano wetu, na ni mkubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipowaka, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinatokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa kati ya walioitikia. Mwezi Januari 2008 Ushahidi ikawa hewani, wananchi wakituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa tovuti. Programu hiyo ikawa huria, na miaka miwili baadaye tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, watu walioko mbali kabisa na Nairobi waliichukua na kuitumia. Angalia mpangilio wa mambo hapo: aliyeanzisha wazo hakuwa mwandishi wa programu. Alikuwa mwanasheria.

Wazee wetu wana neno ngwatio. Leo tunalima kwa fulani, kesho kwa mwingine, na kila mtu anakuja na jembe lake. Hakuna anayelipwa, lakini pia hakuna anayesahau nani alikuja na nani alijificha. Mradi wa programu huria unaendeshwa karibu hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kila jembe ulilopiga linaandikwa kwa jina lako, na mwajiri wa Nairobi ama wa Berlin anaweza kulisoma miaka mitano baadaye.

Mahali pa kuanzia

Ningekuwa nakushauri wewe mmoja mmoja, ningekuambia anza na OpenStreetMap. Ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, mtaa ambao kwenye ramani ulionekana kama pahali patupu, walitembea na vifaa vya GPS na kuchora vichochoro vyao wenyewe, vyoo, zahanati, sehemu za maji. Mradi huo unaitwa Map Kibera.

Sasa linganisha na kwetu. Jaribu kumwelekeza mtu wa boda boda kutoka stegi ya Mukurwe-ini hadi nyumbani kwenu kwa kutumia ramani peke yake. Utaishia kusema "ukifika kwa ule mti, pinda kushoto, uliza kwa duka la kijani". Barabara nyingi za kuelekea vituo vya majani chai na viwanda vya kahawa, mgeni hawezi kujua ni ya lami, ya murram ama ni udongo mtupu. Mvua ya Aprili ikianza, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama gari la kubeba mgonjwa litafika ama litakwama. Nani anajua hiyo barabara kuliko wewe uliyeisukumia matatu?

Kuna programu ya bure ya Android inaitwa StreetComplete. Unatembea nayo, inakuuliza maswali madogo madogo kuhusu pale ulipo: barabara hii imetengenezwa na nini? Duka hili hufunguliwa saa ngapi? Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia hapa? Unajibu, inapeleka kwenye ramani kwa jina la akaunti yako. Unaweza kupakua eneo lako mahali penye Wi-Fi, uende ukizunguka bila bando, kisha utume majibu jioni. OpenStreetMap hata ina alama maalum ya wakala wa pesa za simu. Hebu fikiria soko la Karatina siku ya soko, mama ametoka Naro Moru na viazi, anatafuta wakala wa karibu. Hiyo alama inaweza kumwokolea safari ya kuuliza huku na kule akiwa na pesa mkononi.

Ila kuna kanuni mbili hapo hazivunjwi. Usinakili kutoka Google Maps wala ramani nyingine yenye mwenyewe, hiyo ni mali ya watu na itafutwa. Na usiandike mambo ya watu binafsi: jina la mwenye nyumba, namba yake ya simu, saa ambazo wakala hubeba pesa kwenda benki. Ramani ni ya mahali, si ya kuchunguza watu.

Kama hupendi kutembea, toa sauti. Mozilla wana mradi wa Common Voice, na Kiswahili kimo. Unasoma sentensi kwenye simu, inarekodiwa, wengine wanaisikiliza na kuthibitisha. Mkusanyiko huo unatolewa bure ili kompyuta zifunzwe kuelewa watu wakiongea. Mtaniuliza, kwani Kiswahili si kina wenyewe pwani? Sawa, lakini mashine iliyofunzwa kwa lafudhi ya Mombasa na Dar es Salaam pekee haitamwelewa nyanya wa Tetu anayesema "shai" akimaanisha chai, na anayechanganya "r" na "l". Tumechekwa vya kutosha kwa hiyo lafudhi. Siku ambayo watu watauliza salio kwa kuongea na simu badala ya kubonyeza, ningetaka nyanya asikilizwe kama mtu mwingine yeyote. Hilo haliji lenyewe, lazima sauti za huku ziwemo.

Kisha kuna tafsiri, na hapa naongea kama mtu wa masoko. Programu nyingi huria zina Kiswahili nusu nusu, ama Kiswahili ambacho hakuna mtu anaongea. Ukiona kwenye skrini maneno ambayo shangazi yako hangeyaelewa, hiyo ni kasoro, na kuiripoti ni mchango. Anayetumia pesa za simu kila siku anajua kwamba watu husema "salio", "kutoa pesa", "wakala", "namba ya siri". Mfasiri aliyejifungia na kamusi hajui.

Wale wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina ambao tayari wanaandika programu, nyinyi msiogope vikubwa. Nyeri si kijiji kwenye mambo haya: mkutano wa Data Science Africa wa 2015 ulifanyika hapo hapo Kimathi. Tazameni Apache Fineract, mfumo huria wa kuweka akaunti, akiba na mikopo kwa taasisi ndogo za fedha. Na hata huko, ambaye amekuwa mweka hazina wa chama ana la kusema. Anajua mkopo ambao riba yake inapungua kadiri unavyolipa unavyohesabiwa, na anajua mwanachama akichelewa wiki mbili ni nini kinatokea. Kujaribu mfumo kwa hesabu za kweli na kueleza vizuri mahali umekosea ni kazi ya thamani kubwa, na wengi huikwepa.

Usiende kutafuta fulana

Kila Oktoba huwa kuna Hacktoberfest ya kampuni ya DigitalOcean. Kwa miaka mingi aliyetuma mabadiliko manne alikuwa anapewa fulana. Mwaka 2020 watu wakaona njia ya mkato, wakatuma mamia ya mabadiliko ya upuuzi: kuongeza neno moja la sifa, kuhamisha nukta. Wasimamizi wa kujitolea wakalemewa, na waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni mwezi ukiwa ndio umeanza. Usiwe mtu huyo. Soma maelekezo ya mradi kwanza, tafuta kazi zilizowekewa alama ya wageni, chukua moja ndogo, imalize.

Utakaguliwa polepole, na huenda ukae wiki bila jibu. Usinune. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akisaidia mradi mdogo wa xz hadi akaaminiwa, kisha akaingiza mlango wa siri ndani yake. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliushuku kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Tangu hapo wasimamizi wana haki ya kukuangalia mara mbili, vile tu wakala anavyokuomba kitambulisho hata kama mnajuana tangu nasari.

Na malipo je?

Hili ndilo swali ambalo wazazi huuliza, na si swali baya. Kujitolea hakulipi kodi ya nyumba King'ong'o. Anayekuambia vinginevyo anakudanganya. Binafsi sipendi ile hotuba ya "jenga jina kwanza, pesa zitakuja" ikitolewa na watu ambao tayari wana mshahara. Jiwekee mpaka: saa tatu kwa wiki, bando la kiasi fulani, na baada ya miezi mitatu jiulize umejifunza nini unachoweza kumwonyesha mtu. Kama ni hakuna, badilisha mradi.

Lakini ipo njia ya malipo ambayo ni ya kweli. Outreachy hufanyika mara mbili kwa mwaka, unafanya kazi ukiwa kwenu, na posho yake ni dola 7,000 kwa miezi mitatu. Kuomba hakuna ada. Sharti ni kwamba wakati wa kuomba lazima uchangie mradi unaoutaka, na hapo ndipo aliyewahi kuchangia kidogo anampita anayeanza siku hiyo.

Kwa hivyo mtu akikuambia ulipe ili uunganishwe na mradi wa programu huria, hata akitumia jina la mradi wa kweli na nembo yake, ni mwizi. Hakuna mradi unaohitaji namba yako ya siri, picha ya kitambulisho chako kwa WhatsApp, wala tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwa simu yako. Ukitumiwa ujumbe wa aina hiyo, ulete kwa huduma kwa wateja kabla hujatuma pesa. Baada ya kutuma, kilichobaki kwetu ni kidogo.