2147483647 Si Nambari ya Simu ya Mtu!

Jamani, leo sina mafunzo wala picha za skrini. Nina hasira.

Wiki iliyopita nilikabidhiwa programu ya chama kimoja cha akiba, nitafute kwa nini SMS haziwafikii wanachama. Nafungua hifadhidata: watu mia tatu na ushee, wote nambari moja ya simu. 2147483647. Mama anayengojea mkopo wa karo, hiyo. Mwenyekiti, hiyo hiyo.

Aliyeiunda alikuwa amewaambia ni virusi. Virusi gani! Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1, kubwa kuliko zote zinazoingia katika INT ya biti 32, kwa kuwa biti moja inashika alama ya kutoa. Alipojaribu na 0722, sufuri ya mbele ilidondoka, ikabaki milioni mia saba na kitu, ikaingia sawa. Siku walipoongeza 254 mbele, ikawa bilioni 254, na MySQL ikakata kimya kimya na kuweka kubwa iliyoweza. (Tangu toleo la 5.7, mwaka 2015, inakataa mambo hayo usipoizuia. Bwana huyu aliizuia ili "makosa yaishe".) Zile za kweli hazirudi tena.

Msiitukane nambari yenyewe. Ni tasa. Mwaka 1772 Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu, alithibitisha haigawanyiki. Hakujaribu kila kitu: alionyesha kwamba kigawanyo chochote tasa lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63, na kupita 46,340 hakuna haja ya kutafuta. Kazi ya miaka ikawa kazi ya karatasi chache!

Ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata nambari kamilifu, yaani sawa na jumla ya vigawanyo vyake vilivyo vidogo kuiliko: 2305843008139952128. Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hakuna atakayepata kubwa zaidi, kwani hazina kazi. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, ni tasa, na hapo hapo nambari kamilifu kubwa kuliko ile ikapatikana.

Sasa wenzangu mnaosema "INT inatosha", mna tofauti gani na Barlow? Ukihifadhi pesa kwa senti, INT yako inaishia shilingi 21,474,836.47. Chama cha walimu wa wilaya moja kinapita hapo. Ukihesabu sekunde kuanzia 1970, inaishia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi hapa Nairobi. Na simu iwe VARCHAR, tafadhali. Nani amewahi kujumlisha simu mbili?

Nimepewa fomu za karatasi za wanachama, zimeliwa na panya pembeni. Nimeshaingiza 112.