Direkta Naye Aende Masomoni



Dominika baada ya misa, watu wa Pepa husimama juani, maana huku juu Marungu baridi haina huruma. Hapo ndipo maneno huzaliwa. Juzi tumesikia neno moja likienda toka kundi hili hadi kundi lile, na kila aliyelisikia alicheka. Mwalimu mmoja, aliyefundisha miaka kumi na miwili, amesema ataka kurudi masomoni ajifunze kazi ya kuongoza shule. Mzee mmoja akauliza: "Miaka kumi na miwili mbele ya ubao, atafundishwa nini tena? Kuongoza ni akili ya kuzaliwa." Mwingine, mtu wa heshima kanisani, akaongeza kwamba madirekta wa zamani walikuwa na masomo machache tu na fimbo moja, na shule zilikwenda sawasawa.

Sisi hatukucheka. Twasema wazi kwamba maneno hayo ni maneno ya uvivu, na hasara yake haiwapati wazee waliocheka, yawapata watoto.

Tuanze na huyo direkta wa zamani, kwa kuwa anasifiwa sana. Je, aliongoza shule kweli? Alipiga kengele, alihesabu watoto, alichapa wachelewaji. Lakini fedha alishika nani? Padre wa misioni. Barua za serikali aliandika nani? Padre. Chaki, vitabu, mabati, mishahara, mkaguzi akifika, ugomvi na chifu, yote yalikuwa ya padre. Na huyo padre hakuwa mtu wa masomo machache: alikuwa amekaa seminari miaka mingi. Basi shule zile zilizokwenda sawasawa ziliongozwa na msomi, ila msomi mwenyewe hakuitwa direkta. Wazee wamekumbuka fimbo, wamesahau kitabu cha hesabu kilichofungiwa katika nyumba ya mapadre.

Hali ile imekwisha. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba shule zote ni mali ya taifa, na zile za misioni zikatwaliwa. Mambo yakaharibika upesi, na tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa wakatia sahihi mapatano: serikali itoe mishahara na mafundisho yaliyopangwa, Kanisa lisimamie shule. Ndiyo mapatano tunayoishi nayo hata leo. Watu wengi walifurahi shule kurudi, wala hawakuuliza nani atabeba mzigo uliorudi pamoja nazo. Ulibebwa na mwalimu wa kawaida, aliyeamka siku moja akaambiwa: leo wewe ni direkta. Hakuna aliyemwonyesha kazi.

Kisha ikaja Septemba 2019. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa imesema tangu mwanzo kwamba masomo ya msingi ni ya bure na ya lazima. Mwaka ule Rais Tshisekedi akaamuru neno hilo litimizwe. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya watoto walioingia masomoni kwa mamilioni nchi nzima, ambao wazazi wao hawakuwa na franga za kulipa. Hatutaki mtu aturudishe nyuma. Lakini jiulizeni wenyewe: direkta aliyekuwa na watoto hamsini darasani, sasa ana mia na zaidi. Fedha iliyotoka kwa wazazi kila mwezi, ambayo ililipa walimu wasiokuwa katika orodha ya serikali, imekatika. Walimu hao wanabaki wakingoja majina yao yaandikwe. Vitabu ni vile vile. Madawati ni yale yale. Nani apange watoto wa asubuhi na watoto wa mchana? Nani aamue mwalimu mwenye nguvu awekwe darasa la kwanza au la sita? (Wengi humweka la sita kwa sababu ya mtihani wa taifa, na la kwanza humwachia mgeni. Ni kama kujenga nyumba na kutafuta fundi siku ya kuezeka.)

Twajua shule moja, wala hatutaitaja, ambako mwalimu alifundisha miaka mitatu bila mshahara. Kila mtu alilaumu Kinshasa, na kweli Kinshasa ina makosa yake. Lakini sababu ya mtu huyu ilikuwa ndogo na ilikuwa karibu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi moja tofauti katika karatasi mbili, na direkta hakujua ni ofisi gani husahihisha jambo hilo, wala hakuweka nakala ya karatasi aliyopeleka. Kila mwaka alipeleka upya lile lile kosa. Mwaka wa nne mwalimu akaacha chaki, akaenda kuchimba dhahabu. Direkta huyo si mwovu. Ni mtu wa sala, na darasani hapakuwa na wa kumshinda kwa hesabu. Alikosa tu kufundishwa kazi aliyopewa.

Hapa Pepa tumezoea ng'ombe tangu enzi za Wabelgiji, basi tuseme kwa mfano wa ng'ombe. Kijana ajuaye kukamua vizuri, je, kwa sababu hiyo ajua kutunza kundi la mia tatu? Kundi lataka kuhesabu malisho kabla ya kiangazi, kujua wakati wa dawa, kujua ndama gani wabaki na wapi wauzwe, kuandika yote, na kupanga wachungaji wasigombane. Hakuna mwenye ng'ombe ambaye angempa mkamuaji kundi lote akasema, "akili ya kuzaliwa itamsaidia." Kwa ng'ombe tuna busara. Kwa watoto wetu twabahatisha.

Wala jambo hili si geni katika Kanisa la nchi hii. Mapadre Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, wakafungua Baudouinville, yaani Kirungu, mwaka 1893. Walipotaka padre mwenyeji, hawakumchukua mkristu mwema wakamvika kanzu. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alisoma miaka zaidi ya kumi kabla ya kupadirishwa mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Hata katekista, ambaye cheo chake ni kidogo, hufundishwa. Sisi wenyewe tulikalia mabenchi ya seminari, na bila hayo mabenchi tungewafundisha watu makosa kwa moyo mweupe kabisa. Ni direkta tu tunayemtaka azaliwe akijua.

Na mlei msomi je? Thomas Kanza, mlei Mkongo wa kwanza kupata shahada katika chuo kikuu cha Louvain, mwaka 1956, alisomea nini? Si sheria, wala uganga. Alisomea elimu ya nafsi na malezi. Kumbe mlango wa kwanza uliofunguliwa ulikuwa ule ule ambao leo twaucheka. Miaka minne baadaye nchi ikapata uhuru, na walei wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini. Tulionja uchungu wa kukabidhi kazi kubwa kwa watu ambao hawakupewa nafasi ya kujifunza. Je, hatukushiba uchungu ule?

Tusikilize sasa wanaotupinga, maana wengine wana neno la haki.

Wasema: akienda hatarudi. Kweli, wengi hawarudi. Mtu hutoka huku na mfuko wa maharagwe, hufika Lubumbashi, hupata shahada, na siku ile ile huona kwamba njia ya Pepa ina matope. Tangu 1971, chuo kikuu cha taifa kilipounganishwa kuwa kimoja, masomo ya malezi yaliwekwa Kisangani. Wa huku aliyeyataka alivuka nusu ya nchi. Atamaniye kurudi baada ya safari hiyo ni mtakatifu. Siku hizi Lubumbashi yenyewe ina masomo hayo, na vyuo vya ualimu vimeongezeka, lakini tamaa ya mji haikupungua. Twauliza basi: wakati anaondoka, tulimwekea nini cha kumrudisha? Kulikuwa na karatasi yenye sahihi yake, ya koordinasyo na ya wazazi, kwamba kazi yake yamngoja na miaka kadhaa ni yetu? Kulikuwa na nyumba? Sisi hatukumfunga kwa lolote, kisha twamlaumu kwa kukatika.

Tena, nani aliyesema ni lazima ahame miaka mitano? Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kiko chuo cha Bagamoyo, ADEM, ambacho tangu 2001 ni wakala wa serikali, na kazi yake ni moja tu: kuwafundisha viongozi wa shule kuongoza. Huko mwalimu mkuu hujifunza hesabu za fedha za shule, kupanga walimu, kusimamia masomo. Nairobi wana KEMI kwa kazi hiyo hiyo. Na chuo kikuu cha maaskofu, Mtakatifu Augustino cha Mwanza, kilichoanza 1960 kama chuo kidogo cha Nyegezi, kinatoa shahada ya pili ya usimamizi na mipango ya elimu. Hatusemi walimu wetu waende huko, lugha ya masomo ni Kiingereza na wetu wamelelewa kwa Kifaransa. Twasema majirani zetu wameona kwamba kazi hii ina elimu yake. Kwetu pia taratibu za vyuo vikuu zimebadilika tangu 2021: licence ya miaka mitatu, kisha masta ya miwili. Kinachotakiwa ni masomo hayo yagawanywe, mwezi wa saba na wa nane mtu awe chuoni, miezi mingine awe shuleni mwake akijaribu aliyoyasoma. Dayosisi yetu ya Kalemie-Kirungu iwaombe wenye vyuo jambo hilo. Wakikataa, watuambie sababu.

Wengine wasema: shahada huleta kiburi. Hapa twakubali nusu. Tumeona wenye shahada wasioweza kumsalimu mzazi mwenye jembe. Tumeona na jambo baya zaidi, mtu anayemlipa mwenzake amwandikie kazi ya mwisho, kisha ajiita mkuu. Huyo ni mwizi, na amejifunza wizi kabla ya kupewa ufunguo wa sanduku la shule. Masomo ya namna hiyo hatuyatetei hata kidogo. Ndiyo maana twataka masta ya direkta iandikwe juu ya shule yake: aende nyumba kwa nyumba akaulize kwa nini wasichana wa darasa la tano hupotea wakati wa kuvuna viazi, ahesabu, aandike, kisha ajaribu dawa, na mwalimu wa chuo aje aone. Kazi hiyo haiuzwi sokoni Lubumbashi, maana hakuna huko awajuaye wasichana wetu. Na kuhusu kiburi, tumekiona pia kwa wasiosoma kitu. Hakihitaji shahada.

Wengine wasema hakuna fedha. Ndugu, parokia nyingi hupata mbuzi, mchele na pombe kwa sikukuu moja ya jubilei kuliko ada ya mwaka mzima. Hatuendelei.

Kuna na wale ambao husema kwa sauti ndogo: akisoma, ataona hesabu zetu. Hao hatuna la kuwajibu. Wametujibu wenyewe.

Neno moja juu ya akina mama. Masista wameongoza shule zetu kwa usafi ambao wengi wetu hatukuufikia. Lakini mwalimu mwanamke mlei akitaja masomo ya uongozi, huulizwa nani atapika. Mumewe apike. Miezi miwili haitamwua.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Oktoba 1965 juu ya malezi ya kikristu, uliwataka walimu waandaliwe kwa uangalifu, katika elimu ya dunia na ya dini pia. Hausemi kuwa neema huziba pengo la asiyeandaliwa. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo si la vitabu. Vita vya 2000 vilipita Pepa yenyewe. Kisha, tangu 2013, na hasa 2016 na 2017, Batwa na Baluba wa jimbo hili la Tanganyika waliuana, na shule nyingi zikachomwa. Watoto wa pande zote waliokimbia huketi benchi moja. Mmoja alimwona mjomba wa mwenzake ameshika mshale. Direkta hupewa ufunguo na rejesta, na watoto hao wawili. Wanaotucheka baada ya misa watuambie ni akili gani ya kuzaliwa imfundishayo la kufanya asubuhi watoto hao wanapokataa kushirikiana kitabu.

Mwalimu tunayemtaja hapo juu hajabadili nia. Amepata fomu, ameijaza kwa mkono mzuri. Baba yake alitujia jioni, akauliza nani atamlimia mwanawe shamba mwezi wa nane, kabla ya mvua. Tumemwambia tutalima sisi makatekista, na tumemwomba majembe mawili, kwa kuwa tunalo moja.