Mazungumzo ya Nyumbani: Klachi ya Gari Kuukuu



Mwezi huu nilikusudia kuzungumza nanyi juu ya karo na mavazi ya watoto wa shule. Walakini limetokea jambo jingine nyumbani kwangu hapa Ilembo, nalo limeila fedha ya karo hiyo hiyo, basi naona heri nianze nalo. Jambo lenyewe ni klachi ya gari. Najua wako mabibi watakaotaka kufunua ukurasa wa pili; nawasihi wasubiri kidogo, kwa kuwa fedha iliyotoka ilikuwa ya bibi mmoja kama wao.

Gari letu ni Toyota Hilux ya dizeli, ya mwaka 1994. Halina fahari yo yote, lakini ndilo lichukualo mpunga wa mama watoto kutoka Mwamkulu wakati wa mavuno, ndilo lipelekalo wagonjwa wa jirani hospitali usiku, na likisimama gari hilo mambo mengi husimama nalo. Mwaka jana likaanza tabia ngeni. Nikikanyaga mafuta injini yapiga kelele, na mwendo hauongezeki. Nikipanda kilima nasikia harufu kama ya kitambaa kiunguacho. Fundi mmoja kijana, ambaye gereji yake ni mwembe na turubali, akaniambia, "Mwalimu, klachi imekwisha."

Akanionyesha na njia ya kuhakikisha. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe barabara, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Kisha uingize gia ya tatu na kuachia klachi polepole. Klachi nzima huizima injini pale pale. Yangu haikuizima, injini iliendelea kunguruma kana kwamba hakikutendeka kitu. Jaribio hilo hufanywa mara moja tu, kwani huzidi kukiunguza kile kidogo kilichobaki.

Yafaa tufahamu klachi ni kitu gani, khasa ninyi vijana mliozoea haya magari ya Japani yanayobadili gia yenyewe. Injini huzunguka daima. Magurudumu mara huzunguka, mara husimama. Hapana budi pawepo kitu cha kuviunganisha na kuvitenga. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Linalolikabili ni bamba jingine, presha pleti, lenye springi kali. Katikati yake ndipo ikaapo klachi pleti, sahani nyembamba iliyovikwa pande zote mbili kitu cha kushika, mfano wa kile kilichomo katika breki. Chukua sahani uibane kwa viganja viwili: viganja vikigeuka, sahani nayo hugeuka. Legeza, na sahani itabaki peke yake. Ukikanyaga pedali, beringi husukuma vidole vya springi na viganja vikalegea, ukiachia, vyabana. Kila vinapokutana, sahani huteleza kidogo kabla ya kushika, na katika kuteleza huko ndiko huliwa. Ndiyo maana gari la dereva mmoja huenda miaka mingi kwa klachi moja, na la mwingine halimalizi miaka miwili.

Sahani yenyewe si ghali. Mimi niliipata kwa shilingi 70,000 hapa hapa Mpanda. Ghali ni kuifikia. Fundi huingia chini ya gari, afungue propela shafti, atoe stata, ang'oe mti wa gia kwa ndani, kisha afungue boliti zote za giaboksi na kuishusha chini, nayo ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Chini ya mwembe hapana mashine ya kuinulia gari; kuna jeki na magogo. (Na vijana mnisikilize: asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.) Katika magari yavutwayo na magurudumu ya mbele kazi ni nyingine, lakini jasho ni lile lile. Kazi hiyo huchukua kutwa. Giaboksi ikisha kushuka, kubadili sahani ni kazi ndogo mno. Mtu aweza kuimaliza kabla chai haijapoa.

Ilipokuwa giaboksi iko chini, yule kijana akaniita. "Mwalimu, kwa kuwa tumekwisha kufungua, tubadilishe vyote vitatu: pleti, presha na beringi. Na sili hii ya nyuma ya injini, hebu itazame, yatoa jasho la oili. Tukiiacha itailowesha pleti mpya."

Nikamwuliza, "Beringi imekufa?"

"Bado, Mwalimu, lakini inalia."

"Basi isiyokufa haizikwi," nikamwambia, na watu waliokuwapo wakacheka. "Weka pleti, mwanangu, ufunge."

Akaweka, akafunga. Ujira wake ulikuwa shilingi 80,000. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa mama watoto kwamba nimemaliza kazi ya klachi kwa shilingi 150,000, ilhali fundi alitaka kunifilisi.

Miezi minne haikutimia. Tulikuwa safarini kwenda Sumbawanga kwenye msiba, mimi na mama watoto mbele, na watoto watatu nyuma. Tulipita Sitalike, tukavuka mbuga ya Katavi salama, na tulipoanza kupanda mlima wa Lyambalyamfipa harufu ile ile ikaingia ndani ya gari. Injini ikapiga kelele, gari likawa laenda mwendo wa mtu mwenye mzigo, kisha halikwenda kabisa. Hatukuwa na la kufanya ila kugeuza na kuteremka. Sasa fikirini: mbele yetu ilikuwa mbuga tena, na jua lilikuwa limekwisha kuinama. Wanaoijua njia ile wawajua mbung'o wake. Mtu hafungui dirisha. Na si mahali pa kushuka na watoto kuomba msaada, maana tembo na simba hawaulizi udhuru. Nilishika gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kwa ncha ya kidole tu, kwani klachi itelezayo huvumilia nguvu ndogo na kuikataa kubwa. Mama watoto hakusema neno hata tulipoziona taa za Sitalike. Hapo ndipo aliposema, "Baba watoto, ile shilingi 150,000 ilinunua nini?"

Sikumjibu kweli. Nilisema fundi ameharibu kazi. Na kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nikalisema neno hilo hilo barazani mbele ya watu: kwamba kijana yule hajui kazi, na spea zake ni mbovu. Wawili katika waliosikia walikuwa na magari, na mmoja wao alikuwa amekwisha kumpa kazi ya wiki ile. Akaiondoa.

Kijana alipopata khabari hakugombana. Alikuja nyumbani, akanisalimu shikamoo kama kawaida, akaomba alifungue gari mbele yangu bila ya malipo, tuone. Nikaenda kwa kiburi. Giaboksi iliposhuka hapakuwa na haja ya maneno. Sili ilikuwa imepasuka, na oili imeteremka juu ya flaiwili. Ile pleti yangu ya shilingi 70,000 ilikuwa nyeusi inang'aa kama sufuria ya kukaangia. Beringi ilipozungushwa kwa mkono ilikwaruza kama mchanga. Vidole vya springi vilikuwa vimeliwa. Vyote ndivyo vile alivyonionyesha kwa kidole miezi minne nyuma, nami nikavifanyia mzaha.

Jioni ile nilirudi barazani. Niliyokuwa nimeyasema nikayakana mmoja mmoja, mbele ya wale wale, na yule aliyeiondoa kazi yake nikamwendea nyumbani. Nakiri kwamba kutoa fedha kulikuwa kwepesi kuliko hilo.

Maana fedha nayo ilitoka. Seti nzima ya pleti, presha na beringi, iliyo ya kuaminika, ilinibidi niiagize Dar es Salaam kwa shilingi 260,000. Ilikuja kwa basi. Wazee wa hapa wakumbuka walivyongoja vitu kwa garimoshi la Kaliua. Tangu njia ya lami ya Tabora hadi Mpanda ilipozinduliwa mwaka 2022, kifurushi hakichelewi tena kama zamani. Sili ilikuwa shilingi 15,000. Flaiwili, ambayo ilikuwa imeungua na kufanya mawimbi, ilipelekwa kukwanguliwa kwa mashine, shilingi 30,000. Ujira wa fundi 80,000, naye alitaka kukataa nikamlazimisha. Jumla 385,000. Pamoja na zile za kwanza ni 535,000, na theluthi moja ya hizo ilitoka katika mpunga wa mama watoto, aliouweka kwa ajili ya karo. Ningalimsikiliza kijana siku ya kwanza, hata hizo 385,000 zisingefika, kwa kuwa flaiwili ilikuwa bado nzima.

Safari hii nilikaa nikamtazama afanyavyo. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuishika pleti, kwani alama ya grisi tu yaweza kuifanya iteleze au itetemeke. Vumbi la klachi ya zamani hakulipuliza kwa mdomo. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa. Hilo nililipenda sana, maana klachi na breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Wazazi wenye watoto wanaojifunza ufundi wawaulize jambo hilo. Pleti aliiweka katikati kwa kutumia kipande cha shafti ya giaboksi kuukuu, kwa kuwa ikikaa upande giaboksi haiingii hata msukume mchana kutwa. Boliti alizikaza kwa kupishana, hii na inayoikabili, kidogo kidogo. Mwisho akatoa hewa katika mafuta ya klachi, mimi nikikanyaga pedali na yeye chini akiniamuru, "Kanyaga, Mwalimu. Shikilia. Achia." Nami nikatii.

Tulipotoka kulijaribu alikaa kando yangu, na kabla hatujafika mbali akacheka. "Mwalimu, mguu wako wa kushoto." Nilitazama. Ulikuwa umelala juu ya pedali ya klachi, kama ulivyolala miaka yote, ukiisukuma beringi pole pole bila mimi kujua. Aliniambia pia nisilizuie gari mlimani kwa klachi, bali kwa breki ya mkono.

Mavuno ya Mwamkulu yamekaribia, na gari laenda vizuri. Mama watoto amekubali mpunga uchukuliwe kwa gari hilo, kwa sharti kwamba akae mbele, upande ambao aweza kuuona mguu wangu.