Sauti Tamu Haitoshi

Wapo wanaosema msomaji wa riwaya ya kusikiliza akiwa na sauti tamu inatosha. Napinga! Kwetu Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini nyumba nyingi hakisemwi, hivyo sisi wanafunzi matamshi tunayapata kwa masikio. "Barabara" ikikazwa silabi ya tatu ni njia ya magari. Ikikazwa ya pili ni sawasawa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Msomaji asiyeijua hujificha katika maigizo: anabana pua awe bibi kizee, anakohoa awe mzee, hata msiba unageuka kichekesho. Nataka aliyesoma kitabu kizima kabla ya kurekodi, ajue mhusika anauliza au anakejeli. "Umekula" na "umekula?" hutofautishwa kwa sauti tu.