Ngoma ya Siku Moja Hailei Kijana

Kila mwaka ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, sisi vijana wa vikundi tunakumbukwa. Ofisi hii inatuita, na ile inatuita. Mna ngoma? Mna igizo? Basi liwe na ujumbe, na lisizidi dakika kumi. Tunapewa fulana na soda, wageni wanapiga picha. Tarehe 21 ngoma zinarudi stoo na mlango unafungwa. Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini na nitasema wazi: huko ni kumwazima kijana. Kumlea ni kazi nyingine kabisa.

Wala msituambie kwamba hakuna namna nyingine. Ipo, na wengi wetu tuliotoka Bujumbura tunaijua. Kule mitaa ya kaskazini kuna Centre Jeunes Kamenge, sisi tunaiita Centre tu. Ilianzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, na padri mmoja Mtaliano, Claudio Marano, akaiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Mlango ulikuwa wazi kwa vijana wa miaka 16 hadi 30 wa komini sita: Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Muhutu aliingia, Mtutsi aliingia, Mkatoliki na Mwislamu vilevile. Humo ndani kulikuwa na muziki, densi, maigizo, michezo, maktaba na masomo ya lugha.

Sasa angalieni ilikuwa wakati gani. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa na vita ikaanza. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Ngagara ikawa ya Watutsi, na kuvuka barabara tu kungeweza kukugharimu maisha. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge na watu wakakimbia. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, kule Buyengero, mapadri wawili Waksaveri, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, waliuawa pamoja na Catina Gubert, mlei aliyefanya kazi nao. Wangeweza kufunga Centre na kurudi kwao, na nani angewalaumu? Centre haikufa.

Jiulizeni pia ni nani mwingine aliyewataka vijana wale. Mjini kulikuwa na magenge kama Sans Échec, na wanasiasa waliojua thamani ya kijana kabla ya shirika lolote kuijua. Genge lina kazi ya kukupa Jumatatu mpaka Jumapili. Linakupa jina, linakupa wenzako wa kukaa nao, na hata chakula siku nyingine. Huwezi kushindana na mtu wa namna hiyo kwa semina ya siku mbili! Padri Claudio na wenzake walilielewa hilo: walifungua mlango kila siku, na kijana akijua kesho asubuhi uko wazi tena, ana pa kwenda kabla genge halijamwita. Mwaka 2002 Centre ilipata tuzo ya Right Livelihood, ile inayoitwa Nobel mbadala. Haikuipata kwa onyesho la dakika kumi.

Kuna watakaosema: mbona vita haikukoma? Mbona 2015 tulikimbia tena? Ni kweli, muziki hauzuii risasi. Lakini mtu aliyewahi kufanya mazoezi ya igizo anajua jambo moja. Huwezi kusema maneno yako mpaka mwenzako amalize ya kwake. Inabidi umsikilize, umngoje, umtegemee. Ukimngoja mtu hivyo miezi mitatu, siku wakikwambia yule ni nyoka utasita. Na kule kwetu kuna watu wako hai kwa sababu mtu fulani alisita.

Nalijua pia jibu la ofisini: padri alikuwa na Kanisa nyuma yake, sisi bajeti yetu ni ya mwaka mmoja, na wafadhili wamepunguza. Kupungua tunakuona, tunakuona kwenye bakuli zetu. Lakini turubai, spika za kukodi, mabango na fulana za siku moja hazidondoki kutoka mbinguni. Banda letu la mazoezi limegeuzwa ghala. Tulikuwa vijana arobaini, sasa tukijitahidi tunafika tisa chini ya mti, na mvua ikinyesha hatufiki hata hao. Wale wengine wako wapi? Waulizeni kina mama wanaorudi sokoni jioni. Na tusidanganyane, kambini kuna watu wanaokuja usiku kuwanong'oneza vijana habari za kuvuka mpaka na kubeba silaha. Hao hawana mwaka wa bajeti.

Na sisi wakimbizi tusijifanye hatuna letu. Wazazi wetu, kwa heshima yote, mnasema ngoma ni uhuni, na binti akienda mazoezini anarudi na matusi ya majirani. Njooni mkae, mwone tunachofanya. Wazee wa bloku mnatukumbuka mgeni mkubwa akija tu. Na nyinyi vijana wenzangu, mkiitwa mazoezini swali la kwanza ni posho. Aulizaye posho kabla ya kuuliza wimbo ameshakubali kuwa wa kuazimwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi hatuko kwetu, na kutuzwa hatudai. Tunachotaka ni kidogo, nitakitaja ili kesho mtu asiseme hakuelewa. Kwanza, turudishiwe banda, na ufunguo wake ukae kwa kamati ya vijana wenyewe, wa mataifa yote yaliyopo hapa. Pili, tupate taa, ili kuwe na pa kwenda saa ile ambayo wale wengine wanaanza kunong'ona. Tatu, mfanyakazi wa shirika anayeshughulika na vijana asihamishwe kila baada ya miezi sita, tunapoanza kumjua jina. Mkikubali haya matatu, Juni tutawachezea bila fulana. Mkiyakataa, tafuteni wachezaji wengine.