Maji chumvi ya Uvinza: umeme upo, faida bado

Biashara ya chumvi ya Uvinza ina umri mkubwa kuliko shilingi. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuta hapo mabaki ya kuchemshia maji chumvi ya zaidi ya miaka 1,000, na Buha yote, kutoka Kasulu hadi Kitahana kule Kibondo, ilikuwa mteja.

Maji hayo hayo yanaweza kuzaa bidhaa ya pili, nayo ni umeme. Maji baridi na maji chumvi yakitenganishwa kwa utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, maji baridi hujipenyeza upande wa chumvi kwa nguvu ya kuzungusha mtambo. Kwa maji ya mto na ya bahari, nguvu hiyo ni sawa na maporomoko ya mita 270 hivi. Maji ya Uvinza ni makali kuliko ya bahari, na mto Ruchugi, unaoshuka kutoka Kasulu, uko jirani.

Kikwazo ni bei ya utando. Kampuni ya Statkraft ya Norway ilifungua mtambo wa majaribio Tofte mwaka 2009, ikaachana na mpango huo 2013 kwa kuwa umeme wake haukuweza kushindana sokoni. Ndiyo maana kaboni inatazamwa sana. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa maji hupita katika mirija ya kaboni, myembamba mara maelfu kuliko unywele, kwa kasi inayozidi mno hesabu za kawaida za mabomba. Ukuta wake ni mororo, hauyashiki maji. Utando wa namna hiyo ungefanya kazi kubwa kwa eneo dogo. Lakini kipande cha maabara ni kimoja, maelfu ya mita za mraba zisizo na tundu ni jambo jingine kabisa.

Washabiki watataja Mariager, Denmark, ambako mtambo wa aina hii ulianza 2023 kwenye kiwanda cha chumvi. Mfano huo haufanani na Uvinza. Kule maji yaliyopungua ukali hurudishwa ardhini kuyeyusha chumvi zaidi. Uvinza chumvi hukaushwa juani, hivyo kila lita ya Ruchugi itakayoongezwa italazimika kukaushwa upya. Masika nani atangoje?

Soko la umeme nalo limebadilika. Hadi 2022 Kasulu na Kibondo ziliwashiwa majenereta ya dizeli, na karibu umeme wowote ungeonekana nafuu. Sasa miji hiyo iko kwenye gridi ya taifa, na mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5 uko mkoa huo huo. Mteja wa kweli aliyebaki ni pampu za wazalishaji chumvi wenyewe.

Kwa hiyo mzalishaji atakayefuatwa na muuza mitambo asitoe maji ya chemchemi. Atoe yale machungu yanayobaki kwenye majaruba chumvi ikishavunwa, kwa jaribio la misimu miwili, na gharama ya kubadilisha tando zilizoziba iandikwe upande wa muuzaji.