Mkutano wa Bahari Mahali Pasipo Bahari

Mwezi wa Novemba mwaka 2018, tangu tarehe 26 hadi 28, Kenya ilikaribisha wageni kutoka pembe zote za ulimwengu waje kuzungumza habari za uchumi wa bahari. Wakazungumza samaki, bandari, mikoko na taka za plastiki. Mazungumzo hayo yalifanywa Nairobi, katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, karibu kilomita 480 kwa barabara kutoka mahali ambapo mtu aweza kutia mguu wake katika maji ya chumvi.

Sisi wa Pwani tulicheka, kisha tukanyamaza. Lakini kicheko kile kilikuwa na neno ndani yake, na leo twataka kulitoa.

Haki isemwe kwanza. Nairobi ina jumba. Lilifunguliwa mwaka 1973, na Septemba ya mwaka huo huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakafanya mkutano wao humo. Mwenye kuchagua mji wa mkutano haanzi kwa kutazama upepo na minazi. Hutazama ukumbi wa kuwakalisha watu maelfu pamoja, ndege zinazofika bila ya kubadilishwa njiani, vitanda, na mfereji usiokauka. Mombasa vitanda inavyo tele na uwanja wa ndege upo. Gari la moshi jipya latufikia tangu mwaka 2017, ijapokuwa lakushusha Miritini nawe bado una safari ya kuingia kisiwani. Ama maji ndiyo fedheha yetu. Mitaa mingi bado yangojea mkokoteni wa mitungi, na hapana busara kumwita mgeni aje kuoga katika maji ambayo mwenyeji hana ya kutilia udhu.

Na kumbi je? Kumbi kubwa kubwa zimo ndani ya mahoteli ya ufukweni, Nyali, Bamburi, Shanzu, na ng'ambo ya Likoni huko Diani. Mjumbe hupokewa uwanja wa ndege kwa basi, akapelekwa hotelini, akala humo, akasikiliza humo, akaogelea humo, na siku ya nne akarudishwa alikotoka. Kwao atasema alikuwa Mombasa. Ngome ya Yesu ameiona katika picha iliyotundikwa ukutani. Muuza kahawa wa Mji wa Kale hakumtilia hata kikombe kimoja, na mshona kofia hakumpima kichwa. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja, lakini aliyepona ni nani?

Mwandishi wa maneno haya alipata kualikwa katika mkutano wa namna hiyo, hoteli na mwaka tusivitaje. Kilichojadiliwa ni maisha ya wavuvi wa Pwani. Bawabu alinielekeza mlango wa nyuma, pamoja na kikundi cha ngoma, kwa kuwa sisi tuliandikwa chini ya burudani. Nikasoma beti zangu kati ya chai na chakula cha mchana, watu wakapiga makofi. Mvuvi sikumuona, ila kwa mbali katika ngalawa yake, nje ya kamba zilizowekwa kutenga maji ya wageni. Wakati wa adhuhuri nikauliza pa kusali, nikapewa ghala la viti. Kibla cha Mombasa ni chepesi kuliko vyote, kwani Makka iko kaskazini yetu takriban sawasawa, lakini kijana aliyenipeleka alikuwa hajapata kuulizwa swali hilo.

Na mji huu kukutanisha watu si jambo la kufundishwa. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, mazulia na makasha, na manahodha wakakaa mpaka kusi lilipovuma lichukue vyombo vyao kwao na boriti zao. Miezi hiyo ya kungojea upepo ndiyo iliyokuwa mikutano ya biashara. Bei zilikatwa barazani, madeni yakaandikwa, mahari yakaposwa. Mgeni alilala katika nyumba za mji na kusali katika misikiti ya mji. Fedha yake ilipita mikono mingi kabla ya kurudi chomboni.

Twende kusini katika bahari hii hii. Mji wa Durban ulifungua jumba lake la mikutano mwaka 1997, nalo ni mali ya baraza la mji. Limejengwa mjini penyewe, na ufuko wa bahari hauko mbali. Mkutano wa ulimwengu wa Ukimwi ulifanywa Durban mwaka 2000, wa kupinga ubaguzi wa rangi mwaka 2001, na wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi mwaka 2011. Hatusemi Durban ni pepo. Twasema kuwa huko ukumbi ni wa mji, na mjumbe akitoka mlangoni yumo mjini.

Hilo ndilo tunalolitaka kwa Mvita: ukumbi wa umma, kisiwani. Bustani ya Mama Ngina ilitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba mwaka 2019, na jioni watu hukaa pale chini ya mibuyu wakitazama meli zikiingia Kilindini. Wala hatusemi ijengwe hapo. Pale waachiwe watoto na wauza mihogo. Lakini popote kisiwani, mjumbe aweza kufika Ngomeni kwa miguu au kwa tuktuk. Wapo watakaosema jumba likikosa wageni litakuwa mzigo kwa mlipa kodi. Ni kweli, na ndiyo maana maji yatangulie.

Kisha wapangao tarehe watuulize. Februari na Machi joto ni kali, Aprili na Mei ni mvua ya masika, Julai na Agosti kusi hupoza mji. Na Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, hata mpangaji aliyezoea kalenda moja tu hujikuta amewaandikia wenyeji kadi ya karamu ya mchana.